Mama Banza na Mkwe Wake Njiani kwenda Mutshatsha

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1992, Mama Banza Elise alitoka Mutshatsha akaja Kolwezi kutibiwa macho, na watu wa ukoo wake walijua kwamba hakuja kwa ajili ya macho peke yake. Alikuja kumchukua binti yake.

Binti huyo, Adolphine, alikuwa ameolewa miaka kumi na sita na Beya, fundi wa magari katika atelie, yaani karakana, ya kampuni ya shaba. Beya alizaliwa Kolwezi, alibatizwa Kolwezi, na baba yake amezikwa Kolwezi. Lakini baba huyo aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na mwaka ule hilo lilitosha. Mgodi mkubwa ulikuwa umeporomoka miaka miwili kabla, mashine zilisimama moja baada ya nyingine kwa kukosa vipuri, na mishahara ilichelewa. Watu walitafuta wa kulaumiwa, wakamwona jirani. Katika mji mwingine wa shaba, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walikwisha kutolewa katika nyumba zao, wakawa wanalala kwenye kituo cha reli wakingoja treni. Kolwezi ilikuwa bado kimya. Hata hivyo, mtu waliyechota naye maji kwenye bomba moja miaka tisa aliacha kumwamkia Beya, na kwenye ukuta wa nyumba yake mtu aliandika kwa makaa: Rudia kwenu. Aliyeandika hakuwa mgeni. Mwandiko wake ulijulikana katika kwaya ya parokia.

Mama Banza hakuwa mtu wa kuandika kwenye kuta. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa kaskazini ya Katanga, aliyebaki Mutshatsha baada ya kifo cha mume wake akilima mihogo na karanga. Alikuwa mrefu, mkali wa maneno, na hakupunguza bei ya karanga zake hata kwa padre. Alimpenda binti yake. Mkwe wake hakumchukia, ila hakuwa amempokea pia, na hapa ni lazima nieleze desturi moja, kwa maana bila hiyo mambo yaliyotokea njiani hayaeleweki.

Kwa watu wa Mama Banza, na kwa watu wa Beya vilevile, mume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kuepukana. Hawaketi pamoja. Hawatazamani usoni. Hawaitani kwa jina. Wakikutana njiani, mkwe hutoka barabarani, huingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mama apite. Neno likiwapo la kusema, husemwa kupitia mtoto. Zaidi ya yote, mkwe hali chakula mbele ya mama huyo. Kufanya hivyo ni kama kuvua nguo. Haya hiyo huondolewa siku moja kwa sherehe ndogo: mkwe hupeleka kuku, mama humpika, wanakula pamoja, na kuanzia hapo kijana anahesabiwa kama mtoto wa nyumba. Wengine hufanya hivyo baada ya mtoto wa kwanza. Beya aliomba mara mbili. Mara zote mbili Mama Banza alijibu, kupitia mjomba wa Adolphine, kwamba wakati haujafika. Hivyo miaka kumi na sita ilipita na Beya bado anaingia majanini.

Akiwa Kolwezi, Mama Banza alilala kwa binamu yake, maana hawezi kulala chini ya paa la mkwe. Mwanzoni mwa Desemba alimtuma mjukuu wake Josée, msichana wa miaka kumi na mitatu, na ujumbe. Noeli wote wataenda Mutshatsha kama ilivyokuwa desturi yao. Baada ya sikukuu Beya atarudi kazini. Adolphine na watoto wawili watabaki kwa mama mpaka mambo yatulie.

Kila mtu mzima alielewa maana ya "mpaka mambo yatulie". Wakati ule wanawake wengi wa Katanga walioolewa na watu wa Kasai waliitwa nyumbani kwa maneno kama hayo, na waume zao walipopanda treni, hawakuwa na wa kuwafuata.

Beya alimwambia Josée amjibu nkambo yake, mama mzaa mama, kwamba gari litakuwa tayari. Aliazimia kwamba akifika Mutshatsha ataketi mbele ya mjomba wa Adolphine na kuomba, kama mtu anavyoomba, asinyang'anywe mke na watoto. Adolphine naye hakusema upande wake. Aliogopa kubaki na aliogopa kuondoka. Lakini alipofunga nguo kwa ajili ya safari ya siku nne, alifunga na sare za shule za watoto, na Beya aliziona.

Kuna jambo moja Beya alilofanya ambalo halikuwa sawa, nami sitalificha. Wakati ule vijana waliweka vizuizi barabarani na kuuliza kadi za utambulisho, na kadi ilionyesha mkoa wa asili. Adolphine alikuwa na kadi ya zamani ya kaka yake Séraphin, yenye picha iliyofifia kwa maji, na alimwomba mumewe aichukue na kujifanya Séraphin mpaka wafike. Beya alikuwa mzee wa kanisa. Aliwafundisha watoto wa Jumapili kwamba uongo mdogo haupo. Aliitazama ile kadi, akaitia mfukoni, na ya kwake akaificha chini ya kiti.

Waliondoka asubuhi ya tarehe ishirini na tatu. Gari lilikuwa Peugeot 404 ya zamani, yenye sanduku na turubai nyuma, ambayo Beya aliiunganisha mwenyewe kwa vipande vya magari matatu yaliyokufa. Mbele waliketi Beya, Adolphine na mtoto wao Mulumba, wa miaka minane. Nyuma, juu ya godoro lililokunjwa, waliketi Mama Banza na Josée, pamoja na mfuko wa chumvi, sabuni, nguo, na kikapu cha ugali baridi, bukari, na samaki wa kukaanga. Kati ya mbele na nyuma palikuwa na kidirisha kisicho na kioo. Adolphine alikifunika kwa kitenge, ili mama asione kisogo cha mkwe wala mkwe asimwone mama kwenye kioo cha dereva.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Baada ya nyumba za mwisho na vilima vya mchanga wa mgodi, lami iliisha na barabara ikawa mifereji. Gari liliruka, na kutoka nyuma ya kitenge ikasikika sauti ya Mama Banza.

"Josée, ambia baba yako miye haiko muhogo."

Josée akasogeza mdomo kwenye kitenge. "Baba, nkambo anasema yeye haiko muhogo."

"Ambia nkambo yako barabara njo mubaya. Gari haina kosa."

"Nkambo, baba anasema barabara njo mubaya, gari haina kosa."

"Ambia baba yako hata ile mwaka barabara ilikuwa muzuri alinirusha vile vile."

Mulumba, aliyekuwa katikati ya wazazi wake, aligeuka akamwuliza mama yake, "Si banasikilizana? Juu ya nini Josée anarudilia?"

Adolphine alimfinya paja na kumwambia atazame miti. Lakini alikuwa anacheka, na Beya naye aliuma mdomo ili asicheke, na kwa kilomita kadhaa walikuwa familia inayokwenda kwenye sikukuu na si kitu kingine. Kando ya barabara wanawake waliuza uyoga katika vikapu. Adolphine alitaka kusimama wanunue. Beya alimwambia watanunua wakati wa kurudi, halafu akakumbuka sare za shule.

Karibu saa nne gari lilizama kwenye tope, magurudumu ya nyuma yakawa yanazunguka bila kushika. Wote walishuka. Mama Banza alikwenda hatua ishirini ndani ya majani marefu, akasimama chini ya mwavuli na mgongo wake kwa gari, na Beya akabaki upande wa pili wa barabara akikata matawi. Alitupa matawi chini ya magurudumu mara tatu, na mara tatu gari likateleza. Kisha Josée alikuja mbio kutoka majanini akiwa na ujumbe. Nkambo anasema amefanya kazi ya reli kupitia mume wake miaka ishirini. Gari tupu haishiki chini, basi vitu vyote visogezwe nyuma kabisa, na batoto bakalie juu yake.

Beya, aliyekuwa fundi kwa miaka ishirini, alisimama kidogo na panga mkononi. Alijua kwamba mama amesema kweli. Walisogeza mizigo, watoto wakaketi juu, na gari likatoka mara moja.

"Ambia nkambo yako asante," alisema Beya, jasho na tope usoni.

Jibu lilirudi upesi. "Anasema usiambie batu ku atelie kama ni mwanamuke alikufundisha."

Hivyo ndivyo walivyosafiri. Watu hawa wawili walijuana vizuri kuliko ndugu wengi wanaokula sahani moja. Mama Banza alijua namna Beya anavyokohoa. Alijua kwamba hulipa karo ya watoto kabla ya kununua viatu vyake. Kwa muda wa miaka kumi na sita alikuwa amempima bila kumtazama, na bado alikuwa anakwenda kumwondolea mke.

Kizuizi kilikuwa mbele ya daraja dogo, ambapo barabara hupungua na hakuna pa kugeuza gari upesi. Mti ulikuwa umelazwa juu ya mapipa mawili. Vijana kama kumi na wawili waliketi kando, wengine na fimbo, wengine na mapanga, na chupa ya lutuku, pombe kali ya kienyeji, ilikuwa inapita mkono kwa mkono. Ilikuwa bado haijafika saa sita mchana. Nimesikia watu wakiwasamehe vijana hawa kwa sababu hawakuwa na kazi. Baba zao pia walikuwa hawana kazi, na hawakulala barabarani na mapanga. Upande huu wa mti, mbele ya Peugeot, palisimama lori tupu la makaa lililokuwa likirudi Mutshatsha. Dereva wake alikuwa amekwisha kuwapa walichotaka na alingoja mti uondolewe.

Kiongozi wao aliitwa Dodo. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitano, na shati lake lilikuwa safi kuliko ya wenzake. Aliamkia kwa Kiluba cha kaskazini, akaomba kadi. Adolphine alitoa yake. Beya alishuka, akatoa ile ya Séraphin.

Dodo aliitazama picha, akamtazama Beya, akarudi kwenye picha.

"Huyu njo we?"

"Ni kaka yangu," alisema Adolphine. "Tunapeleka mama ku Noeli."

"Sikukuuliza weye, dada."

Hapo Mama Banza alifunua turubai nyuma. Alikuwa amesikia kila kitu. Alisema kwa sauti ya kuuza karanga, bila kusitasita, "Ni mutoto wangu. Munataka nini na mutoto wangu? Tuko na njia."

Uongo huo hakuuandaa. Alikuja Kolwezi kumtenga binti yake na mtu huyu, na mbele ya mapanga neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hilo. Sisemi uongo ni mzuri. Nasema tu ulitoka wapi.

Dodo alianza kurudisha kadi. Labda wangepita. Lakini Mama Banza hakupenda kuzungumza na watu akiwa ameinama chini ya turubai, kwa hiyo alishuka, akazunguka gari kwa upande wa dereva, na kuja moja kwa moja mahali aliposimama Beya.

Beya akatoka barabarani. Hakufikiri. Miguu yake ilimwingiza majanini kama ilivyofanya miaka kumi na sita, akageuza mgongo na kuinamisha kichwa.

Alipotambua alichofanya, ilikuwa imechelewa. Mtu wa Ulaya angeona dereva anayetafuta mahali pa kukojoa. Lakini vijana wale walilelewa na mama zao wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kuelezwa. Mmoja akapiga mluzi.

"Mutoto gani anakimbia mama yake?" alisema Dodo. Alicheka, akamwita Beya kwa fimbo arudi barabarani. "Kuya, Séraphin. Kuya hapa karibu na mama."

Beya alirudi, macho chini. Dodo alikuwa amekwisha kuona kikapu. Aliamuru kiletwe na kuwekwa chini kati ya wawili hao. Kama huyu ni mtoto wako, alimwambia Mama Banza, mulishe. Mkatie bukari kwa mkono wako, umutie mkononi, akule hapa tukiona. Akikula, mti tunaondoa na Noeli njema.

Baadhi ya vijana walicheka. Wawili au watatu hawakucheka, na mmoja aliyekuwa mkubwa kidogo alisema kwa sauti ya chini kwamba hiyo kintu haifanyiwe, hata kwa mutu wa Kasai.

Mama Banza aliinama. Alifunua kitambaa, akakata tonge la bukari, akalifinyanga polepole kama anavyofinyangia wajukuu, akalikunjia kipande cha samaki. Kisha akasimama na kunyosha mkono. Adolphine alitazama pembeni na kuwageuza watoto.

Wengi waliosikia habari hii baadaye walimlaumu Beya. Tonge moja tu, walisema. Angekula, angeomba msamaha Mutshatsha, na mambo yangeisha. Wanasema hivyo wakiwa wameketi nyumbani kwao. Mama huyu alikuwa amekubali kuvuliwa heshima yake mbele ya walevi kwa ajili ya usalama wa mtu aliyemkatalia kuku mara mbili. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki katika uwezo wa Beya, nacho ni kukataa kumvua.

"Hapana," alisema. Alisema na Dodo, si na mama. "Huyu haiko mama yangu. Ni mama ya bibi yangu. Mi siwezi kumukulia mbele. Na hii karte haiko yangu. Mi naitwa Beya. Baba alitoka Kasai, mi nilizaliwa Kolwezi."

Kijana mmoja alimpiga kwa fimbo begani, na Beya akaanguka goti moja. Kabla ya fimbo ya pili Mama Banza alikuwa amekwisha kuingia katikati, karibu mno hata upindo wa kitenge chake ukagusa uso wa mkwe. Tonge lilikuwa bado mkononi mwake.

"We," alimwambia Dodo, "mama yako iko muzima?"

Dodo hakutaka kujibu, lakini alijibu. "Iko."

"Uko na bibi?"

"Niko naye."

"Mama ya bibi yako ukimukuta ku njia, unapita fasi gani?"

Kijana mkubwa, yule aliyesema kintu haifanyiwe, alijibu mahali pake, "Anapita mu majani, mama. Siku ingine hata mu maji." Wenzake wakacheka, na safari hii hawakumcheka Beya.

Mtu aliyeaibishwa mbele ya watu wake hutafuta namna ya kutoka bila kuonekana ameshindwa, na Dodo aliipata haraka. Alitangaza kwamba wao si wezi. Walichukua gurudumu la akiba na mfuko wa chumvi, na gari wakaliacha. Mtu wa Kasai atageuza na kurudi alikotoka, daraja hatavuka. Lakini mama, dada na batoto ni watu wa hapa, njia ni yao. Lori linakwenda Mutshatsha. Wapande.

Dereva wa lori alikuwa amekwisha kuwasha injini.

Hapo Mama Banza alikuwa amepata alichokuja kutafuta. Hapakuwa tena na haja ya mjomba, wala ya kumsikiliza Beya akiomba akiwa amekaa chini. Binti yake alikuwa amesimama kati ya magari mawili na furushi la nguo kichwani, sare za shule ndani yake. Dakika tano, na ingekuwa imekwisha.

Alimwambia dereva wa lori angoje. Kisha akageuka na kumtazama mkwe wake usoni.

"Beya," alisema. Hakuwahi kulitaja jina hilo mbele yake. "Geuza motokari. Chukua bibi yako na batoto, uende."

Beya alikuwa ameendesha asubuhi yote akitafuta maneno ya kumzuia mama huyu asimchukue Adolphine. Sasa alisema kinyume chake, na alisema moja kwa moja, bila mtoto kati yao. "Mama, Kolwezi iko mubaya. Si unaona. Wao babakie na weye."

"Ungesema hivyo ku nyumba ya mujomba, ningekusikia. Hapa hapana." Alionyesha mti na wale vijana kwa kidevu. "Hapa njo bale bana banasema, haiko weye. Ile neno nilituma na Josée, nimeondoa."

"Kama nikifukuzwa?"

"Watafukuzwa pamoja na weye. Nilipokea mali ya ndoa yako. Sikurudisha hata kitu kimoja."

Adolphine alikuwa amewatazama mmoja na mwingine. Alishusha furushi kutoka kichwani. "Mumemaliza kunigawanya?" aliuliza. Alitupa furushi nyuma ya Peugeot, akamwambia Josée apande, akamnyanyua Mulumba kwa mkono mmoja, akaketi mbele na kufunga mlango.

Vijana waliondoa mti ili lori lipite. Kijana mkubwa alimsaidia Mama Banza kupanda karibu na dereva. Aliondoka bila mjukuu hata mmoja, mavazi ya sikukuu meusi kwa vumbi la makaa, na hakuangalia nyuma, kwa sababu upande wake hapakuwa na kioo.

Beya aligeuza gari kwa shida. Walifika Kolwezi kabla ya giza. Njiani walisimama mahali pamoja tu, kwa wanawake wa uyoga, na Noeli walikula uyoga huo na bukari katika nyumba yao, milango imefungwa.

Mwezi wa tatu zamu ya Kolwezi ilifika. Beya alifukuzwa karakanani asubuhi, na nyumba jioni ya siku ile ile. Walikaa kwenye kituo cha reli majuma matano, chini ya turubai lile la Peugeot, pamoja na maelfu ya wengine. Mulumba aliugua kuhara, akapona. Watoto wengi hawakupona, na majina yao hayakuandikwa popote. Mwezi wa nne walipanda treni wote wanne. Huko Kasai Beya hakumjua mtu, na wanawake wa bomba la maji la huko walimwuliza Adolphine yeye ni wa wapi, na lini atarudi kwao. Watu hufanya ubaya ule ule kwa lugha mbalimbali. Adolphine aliwajibu kwamba yeye ni mke wa Beya, akajaza ndoo yake.

Habari kwamba wamepanda ilifika Mutshatsha mwezi wa tano, kwa mdomo wa mfanyakazi wa reli. Séraphin, aliyekuwa amenyamaza tangu Noeli, alishindwa kunyamaza zaidi. Alikwenda kwa mama yake, akamkuta uani akibangua karanga za mbegu, na akamwambia yote aliyokuwa nayo moyoni. Alikuwa na dada mmoja. Dada huyo alikuwa pale barabarani, furushi kichwani, lori limewashwa. Hata wale vijana walimpa njia. Mama alikuwa naye mkononi, akamwachilia aende kufa njaa katika nchi ya watu.

Mama Banza alimwacha amalize. Hakukana kwamba binti yake anaweza kufa. Alilijua hilo tangu siku ile, na hakuna siku ambayo hakulifikiri.

"Ningemutoa mikononi mwa bwana yake mi mwenyewe, kwa maneno, batu bamekaa chini, ningeweza," alisema. "Njo nilienda Kolwezi juu ya ile. Lakini bale bana balinipatia yee kama nyama ya kuiba, na bwana yake iko chini, banamupiga. Mi nikamate? Kisha niishi naye humu nyumba, anitazame kila asubuhi?"

Séraphin alisema angalau angekuwa hai na karibu.

"Angekuwa karibu," alisema Mama Banza. Alipepeta maganda, akamsogezea mwanawe ungo wa pili, kwa maana karanga zilikuwa nyingi na mikono yake ilikuwa imechoka. Séraphin akaketi chini, akaanza kubangua.